Dripu si chakula: Je, mgonjwa wako amepimwa uzito?

Mama mmoja alinisubiri mlangoni mwa wodi ya upasuaji akiwa na hotpoti mkononi. Mwanawe, dereva wa bodaboda, alikuwa katika wiki ya tatu tangu alazwe kwa kuvunjika mfupa wa paja. Baada ya salamu akaniuliza, "Dokta, mwanangu aliingia hapa ana nguvu zake. Mbona sasa bukta inampwaya?"

Nilifungua faili. Kulikuwa na majibu ya eksirei, majibu ya damu, orodha ya dawa, na presha iliyopimwa kila siku. Uzito haukuwapo. Hakuna aliyeuandika siku alipoingia, wala wiki ya kwanza, wala ya pili. Kijana mwenyewe alikumbuka kwamba muda mfupi kabla ya ajali alijipima kwa mtu mwenye mzani pale stendi, akaambiwa ana kilo 68. Hicho ndicho kipimo pekee tulichokuwa nacho, na hakikutoka hospitali.

Tulipomhoji zaidi, picha ilianza kueleweka. Upasuaji wake uliahirishwa mara mbili, na kila mara aliambiwa asile kuanzia usiku. Asubuhi ilipita, mchana ukafika, na alipoambiwa leo haiwezekani, chakula alicholetewa kilikuwa kimekwisha kurudi nyumbani. Siku nyingine maumivu yalimwondolea hamu.

"Lakini dokta," mama akasema, "si alikuwa anaongezewa maji?"

Swali hilo nimelisikia kwa ndugu wengi wa wagonjwa, na ndilo lililonifanya niandike makala ya leo.

Kuna nini ndani ya dripu?

Wengi wetu tukiona chupa ya maji imening'inia, tunapumua. Tunaamini mgonjwa "anakula" kwa njia ya mshipa. Tuhesabu pamoja.

Lita moja ya maji ya chumvi ya kawaida haina nguvu yoyote ya chakula, yaani ni kilokalori sifuri. Lita moja ya maji yenye sukari ya asilimia 5 ina gramu 50 za glukosi, sawa na kilokalori zisizozidi 200. Haina protini, haina mafuta.

Mgonjwa mzima mwenye kilo 60 kwa kawaida anahitaji kati ya kilokalori 25 na 30 kwa kila kilo ya uzito kwa siku, yaani 1,500 hadi 1,800. Protini anahitaji gramu 1.2 hadi 1.5 kwa kila kilo, hivyo gramu 72 au zaidi kwa siku. Hata akimaliza lita tatu za maji ya sukari, hajafikia nusu ya mahitaji ya nguvu, na protini yake bado ni sifuri.

Linganisha na kikombe kimoja cha uji mzito wenye maziwa na kijiko kikubwa cha karanga zilizosagwa. Kikombe hicho peke yake kinaweza kuzidi kilokalori za lita nzima ya dripu ya sukari, na kina protini ndani yake.

Sisemi dripu haina kazi. Inaokoa maisha ya mtu aliyepungukiwa maji, aliyetokwa damu au aliyeshuka sukari. Lakini kazi yake ni maji, chumvi na njia ya dawa. Mgonjwa anayeishi kwa dripu pekee kwa siku tano ameshinda njaa siku tano, na mwili wake umeanza kula misuli yake wenyewe.

Misuli si ya kubebea mizigo tu. Ndiyo inayomwezesha mgonjwa kukohoa na kutoa makohozi, kukaa kitandani na kusimama kwa magongo. Protini ndiyo inayojenga kidonda na askari wa mwili wanaopambana na vijidudu. Ndiyo maana mgonjwa mwenye utapiamlo kidonda chake huchelewa kufunga, hupata maambukizi kirahisi na hukaa hospitali muda mrefu zaidi.

Si tatizo la nchi maskini tu

Usidhani haya hutokea kwetu peke yetu. Mwaka 1974 daktari wa Marekani, Charles Butterworth, aliandika makala iliyowashtua wenzake. Alionyesha kwamba wagonjwa walikuwa wakikonda ndani ya hospitali za nchi tajiri bila mtu kugundua, na moja ya sababu alizotaja ni kwamba urefu na uzito havikuandikwa kwenye mafaili.

Miaka 45 baadaye, mwaka 2019, watafiti wa Uswisi walichapisha utafiti uliofanyika katika hospitali nane kwa wagonjwa zaidi ya 2,000 waliokuwa katika hatari ya utapiamlo. Nusu walipewa chakula cha kawaida cha hospitali. Nusu nyingine kila mmoja alipangiwa malengo yake ya nguvu na protini, na mtaalamu wa lishe akafuatilia kama anayafikia. Baada ya siku 30, waliofariki katika kundi la kwanza walikuwa 10 kati ya kila 100, na katika kundi la pili walikuwa 7. Hapakuwa na dawa mpya wala mashine mpya. Watu walipimwa, wakapangiwa, wakafuatiliwa.

Maswali manne ya siku ya kwanza

Kutathmini hali ya lishe hakuanzii maabara. Kunaanza kwa maswali ambayo hata wewe ndugu wa mgonjwa unaweza kuyajibu.

La kwanza: amepungua uzito bila kukusudia katika miezi mitatu hadi sita iliyopita? Kupungua kwa zaidi ya asilimia 10 ni dalili nzito. Kwa mtu wa kilo 70, hizo ni kilo 7. Kama hamna namba, nguo, mkanda na pete vinasema.

La pili: wiki hii amekula kiasi gani ukilinganisha na kawaida yake? Nusu? Robo? Vijiko viwili?

La tatu: uzito wake ukilinganishwa na urefu wake ukoje? Kipimo hiki wengi mnakijua kwa jina la BMI, na kwa mtu mzima chini ya 18.5 ni uzito pungufu.

La nne: ugonjwa wenyewe ni mzito kiasi gani? Mtu aliyeungua, mwenye maambukizi makali, aliyevunjika mifupa au mwenye saratani hutumia akiba ya mwili haraka kuliko mtu aliyelala nyumbani na mafua.

Mgonjwa asiyeweza kusimama hupimwa mzunguko wa mkono wa juu kwa utepe. Ndivyo tulivyofanya kwa yule kijana. Alipoanza kutembea kwa magongo ndipo tukampima kwenye mzani: kilo 60. Alikuwa amepoteza karibu asilimia 12 ya uzito wake.

Tahadhari mbili. Kwanza, mwili mnene si kinga. Mtu wa kilo 95 aliyepungua kilo 12 kwa miezi miwili huku hali vizuri ana utapiamlo, na mara nyingi ndiye anayesahaulika kwa sababu "anaonekana ana afya". Pili, mzani unaweza kudanganya. Mgonjwa wa moyo, figo au ini akijaa maji uzito hupanda wakati misuli inapungua. Kwa hiyo tunaangalia pia miguu, tumbo, mabega na mashavu.

Ikiwa mgonjwa ni mtoto

Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa udumavu kwa watoto wa Tanzania wenye umri chini ya miaka mitano umeshuka hadi asilimia 30, kutoka asilimia 34 mwaka 2015/16. Ukondefu ulikuwa karibu asilimia 3. Namba hiyo ya mwisho inaonekana ndogo, lakini mtoto mkondefu huugua mara kwa mara, hivyo wodini tunakutana naye mara nyingi kuliko mtaani.

Kwa mtoto wa miezi 6 hadi miaka mitano, utepe wa rangi unaozungushwa mkono wa juu hutoa jibu kwa dakika moja. Kijani, kuanzia sentimita 12.5, ni salama. Njano, kati ya 11.5 na 12.5, ana ukondefu wa wastani. Nyekundu, chini ya 11.5, ni utapiamlo mkali. Mtoto anayevimba miguu yote miwili naye huhesabiwa kuwa na utapiamlo mkali, hata kama mashavu yamejaa. Mzazi, uvimbe huo si unene. Ukibonyeza juu ya mguu kwa kidole gumba ukaona shimo limebaki, mpeleke kituo cha afya siku hiyo hiyo.

Kosa ambalo upendo hutusukuma kulifanya ni kumshindilia chakula mtoto aliyekonda sana. Mwili uliokaa na njaa muda mrefu ukipewa chakula kingi ghafla, madini ya damu kama potasiamu na fosfeti yanaweza kushuka kwa kasi na moyo ukashindwa kazi. Ndiyo maana mtoto mwenye utapiamlo mkali na matatizo mengine huanzishiwa hospitalini maziwa ya tiba yanayoitwa F-75, kidogo kidogo kila baada ya saa chache, usiku na mchana. Akitulia na kupata hamu, huhamishiwa maziwa ya F-100 au chakula dawa, ambacho paketi yake moja ya gramu 92 ina kilokalori 500 hivi. Nesi akikukataza kumwongezea ugali wiki ya kwanza, anamlinda, hamnyimi.

Kwa mtoto wa chini ya miezi sita, tathmini inaanza na ziwa: ananyonyaje, mara ngapi, na mama mwenyewe anakula nini. Mama aliyelala kwenye mkeka chini ya kitanda cha mwanawe bila kula naye ni sehemu ya mpango wa lishe.

Mpango bila mpishi ni karatasi

Mpango mzuri wa lishe una mambo matano: mgonjwa anahitaji kiasi gani, atapewa chakula gani, kwa njia ipi, nani atampa, na lini atapimwa tena.

Kuhusu njia, kanuni ni nyepesi. Kama anaweza kumeza, ale kwa mdomo, chakula kirutubishwe na kigawanywe mara sita badala ya tatu. Kama hawezi kumeza lakini tumbo linafanya kazi, atumie mpira unaopita puani hadi tumboni. Wengi huuogopa mpira huo wakidhani ni dalili ya mwisho wa maisha. Sivyo. Ni njia ya kupitisha chakula, na hutolewa mgonjwa akipata nafuu. Chakula kamili cha kupitia mshipa, ambacho ni tofauti kabisa na dripu ya kawaida, kinabaki kwa wale ambao tumbo limegoma. Ni ghali na kinahitaji uangalizi wa karibu.

Kisha linakuja swali la nani atampa. Katika hospitali zetu nyingi jiko la mgonjwa liko nyumbani kwake. Chakula hutoka Mbagala au Buza alfajiri, kikapanda daladala, kikafika muda wa kuona wagonjwa. Daktari akiandika "chakula chenye protini nyingi" bila kuzungumza na anayeshika hotpoti, ameandika karatasi tu.

Kwa hiyo nakwambia wewe unayepika. Supu ya maji ya kuku, yenye nyama zikiwa zimebaki nyumbani, haina protini ya kutosha. Mletee na nyama, ikatwe ndogo au isagwe. Mtori upikwe na nyama ndani. Yai moja lina gramu 6 hivi za protini, kikombe cha maziwa gramu 8. Dagaa, maharage na samaki vinafanya kazi ile ile kwa bei nafuu. Kijiko kikubwa cha mafuta ya kupikia kwenye uji au mchuzi huongeza kilokalori 120 bila kuongeza ujazo wa chakula, jambo kubwa kwa mtu anayeshiba haraka. Karanga zisage kivyake na uzitie wakati wa kupika, na zenye ukungu zitupe, kwa sababu ya sumukuvu. Soda na juisi za boksi zinajaza tumbo na kuacha misuli na njaa.

Usiongeze chochote bila kuuliza ikiwa mgonjwa ana kisukari, figo au ini. Na aliyepooza kwa kiharusi asilishwe kwa mdomo mpaka apimwe kama anameza vizuri. Uji uliopita njia ya hewa humletea nimonia.

Kuhusu kufunga kabla ya upasuaji, kwa mgonjwa asiye na tatizo maalumu miongozo ya dawa za usingizi inataka mlo mwepesi uachwe muda wa saa 6 kabla, maziwa ya mama saa 4, na maji matupu saa 2. Fuata alichokuambia mtaalamu wako wa usingizi. Lakini upasuaji ukiahirishwa, uliza papo hapo: "Sasa anaruhusiwa kula?" Swali hilo lingemwokolea yule kijana milo kadhaa.

Bima, misaada na sahani

Nchi yetu sasa inazungumzia Bima ya Afya kwa Wote, ambayo sheria yake ilipitishwa mwaka 2023. Mazungumzo mengi ni ya michango, dawa na vipimo. Ni mazungumzo ya lazima. Lakini ukinunua dawa ya bei kubwa ukampa mtu anayeshinda njaa, umenunua nusu ya tiba. Natamani katika mjadala huu tuulize pia: tathmini ya lishe siku ya kulazwa ni huduma inayohesabiwa? Chakula cha tiba kinagharamiwa? Kila wodi ina mzani unaofanya kazi? Wewe mwenye kadi, uliza inagharamia nini kabla hujaumwa.

Kuna upande wa pili. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani liliingiza chakula dawa kwenye orodha yake ya dawa muhimu kwa watoto. Maana yake kinastahili kuagizwa, kutunzwa na kuhesabiwa stoo kama dawa ya malaria. Lakini mwaka 2025 Marekani, iliyokuwa miongoni mwa wafadhili wakubwa wa bidhaa hii duniani, ilisitisha sehemu kubwa ya misaada yake ya nje. Somo liko wazi. Kitu kinachookoa mtoto hakiwezi kutegemea bajeti ya Bunge la watu wengine. Kikiwa dawa muhimu, kiwe na fungu lake katika bajeti yetu.

Najua wodi zetu. Nesi mmoja anaweza kuwa na wagonjwa wengi kuliko anavyoweza kuwafikia, na ofisa lishe mmoja akazunguka hospitali nzima. Ndiyo maana sikuandika makala hii ili ukagombane na nesi. Nimeiandika ili umsaidie.

Ukilaza mgonjwa wiki hii

Siku ya kwanza, omba apimwe uzito, au mkono kama hawezi kusimama, na namba iandikwe kwenye faili. Nawe iandike kwenye simu yako. Sema bila kuulizwa amepungua kiasi gani na anakula kiasi gani.

Kila siku, andika alichokula: "uji nusu kikombe, yai moja, wali vijiko vitatu." Mwonyeshe daktari anapopita. Maelezo ya "anakula kidogo" hayatusaidii, lakini orodha hiyo inatusaidia kuhesabu.

Kila wiki, omba apimwe tena. Akipungua, au akikaa siku tatu bila kufikia nusu ya mlo wake, omba kumwona ofisa lishe. Na siku ya kuruhusiwa, ondoka na namba ya uzito na maelekezo ya chakula, si dawa peke yake.

Yule kijana alipangiwa mlo, mama yake akabadilisha kilichomo kwenye hotpoti, na dagaa na mayai vikachukua nafasi ya soda. Aliporudi kliniki baada ya miezi miwili kidonda kilikuwa kimefunga na mzani ulisoma kilo 65. Mama yake ndiye aliyeitaja namba hiyo kabla sijafungua faili.